Barua kwa Baiskeli, Mzigo kwa Kichwa



Mazungumzo yetu ya leo yanatokana na swali. Msikilizaji wetu mmoja wa Mbaha, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Nyasa ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Mbinga, anasema amesikia kwamba zamani nchi za wenzetu zilikuwa na vikosi vizima vya askari wa baiskeli. Anauliza: je, katika vita vya Mjerumani na Mwingereza vilivyopiganwa kwetu, kikosi cha namna hiyo kilikuwapo? Na kama hakikuwapo, ni kwa nini, ilhali siku hizo njia zetu karibu zote zilikuwa za miguu, na palipo na njia ya miguu baiskeli hupita?

Jibu la mkato ni hili. Kwa jirani zetu wa Kongo, upande wa Katanga, kikosi cha baiskeli kilikuwapo. Hapa kwetu baiskeli zilikuwapo vitani, lakini zilipewa kazi ya kuchukua habari na kuwapeleka wakubwa. Kazi ya kubeba mzigo iliachiwa kichwa cha mtu. Jibu refu ndilo nitakalolieleza leo, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ambayo babu zetu waliilipa kwa roho zao.

Tuanze na kikosi chenyewe. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo, ilianza kuenea Ulaya katika miaka ya 1880. Mwaka 1888 John Dunlop akasajili tairi lake la upepo, na tangu hapo baiskeli ikawa chombo cha mwendo mrefu. Wanajeshi wakaanza kupiga hesabu. Farasi anakula kila siku, vita viwepo visiwepo. Farasi anaugua, tena hulia usiku akamwamsha adui. Baiskeli haili, haiugui, hailii, na ukiilaza kwenye majani haionekani.

Mwaka 1897 jeshi la Marekani lilifanya jaribio ambalo hutajwa hadi leo. Luteni James Moss aliwaongoza askari 20 wa Kikosi cha 25 cha Miguu, ambao walikuwa Wamarekani weusi, kutoka Fort Missoula katika jimbo la Montana hadi mji wa St. Louis. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000, na waliumaliza kwa siku 41, katika matope, mchanga na milima. Walifika. Hata hivyo jeshi lao halikuendelea na mpango huo.

Miaka miwili baadaye habari za baiskeli zilifika Afrika. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza mwaka 1899, Danie Theron aliwashawishi wakubwa wa Makaburu waunde kikosi cha matarishi wa baiskeli, watu mia moja na ushei. Kazi yao ilikuwa kupeleka barua na kupeleleza. Angalia, msikilizaji, kwamba tangu mwanzo huo baiskeli ilihesabiwa kuwa chombo cha habari. Waingereza nao walipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914 waliunda jeshi lao la baiskeli, na kazi kubwa ya askari hao ilikuwa hiyo hiyo: ulinzi wa pwani, upelelezi na utarishi.

Sasa turudi kwetu. Katika Afrika Mashariki na ya Kati farasi alikuwa na adui mkubwa kuliko bunduki, naye ni mbung'o. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipotoka Kilimanjaro kwenda kusini, yalipoteza farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu na maelfu. Kwa hiyo mahali pa mbung'o ndipo hasa baiskeli ingefaa. Wabelgiji waliliona hilo mapema. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wao wa Katanga, ambao walikuwa na utawala wao karibu wa kujitegemea ndani ya jeshi la Kongo lililoitwa Force Publique, walikuwa na kampuni sita, na moja yake ilikuwa kampuni ya baiskeli. Nchi ya Katanga ni ya uwanda mpana wenye miombo, na wakati wa kiangazi njia zake huwa ngumu na kavu. Hapo baiskeli inakwenda.

Kwa hiyo, ndugu yetu wa Mbaha, kikosi cha karibu zaidi na kwenu cha namna hiyo kilikuwa huko Katanga. Je, upande wetu?

Upande wetu vita vilianza ziwani, tena karibu kabisa na Mbaha. Ukisimama Mbaha, kaskazini kwako kuna mlango wa mto Ruhuhu na bandari ya Manda, ambayo Wajerumani waliiita Wiedhafen. Kusini kwako kuna Liuli, ambayo waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake lililofanana na sanamu ile ya Misri. Mwezi Agosti 1914 meli ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo Liuli kwa matengenezo. Meli ya Mwingereza, Gwendolen, ikaja chini ya Kamanda Rhoades na kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades tangu siku za amani, akatoka kwa mashua akifoka, akitaka kujua rafiki yake amepatwa na wazimu gani. Hakuwa na habari kwamba nchi zao zimeingia vitani. Akaambiwa, na hapo hapo akashikwa mateka.

Watu hukicheka kisa hiki, lakini kina fundisho. Rhoades alikwisha kupata habari, Berndt bado. Katika nchi pana isiyo na barabara, barua inayowahi inashinda mzinga unaochelewa. Ndiyo maana kila jeshi lilitafuta chombo cha kukimbiza habari, na baiskeli ikapata heshima yake.

Mfano mkubwa ni wa Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi ili waiteke Tanga. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,000 tu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 alipanda baiskeli na wenzake wachache, akaingia katika mji uliokwisha kukimbiwa na watu, akapita mitaa hadi bandarini. Akaziona meli za adui zikiwaka taa, na akajionea mwenyewe mahali watakaposhukia. Alipotoka hapo alijua awapange wapi askari wake. Kesho yake Waingereza walishindwa vibaya, wakarudi melini wakiacha bunduki kwa mamia na risasi zipatazo nusu milioni. Baiskeli moja haikushinda vita vya Tanga peke yake, lakini ilimpa kamanda macho usiku ule.

Baada ya hapo njia ya baharini ikazibwa na manowari za Waingereza, na Wajerumani wakakosa vipuri. Wakajitengenezea tairi kwa mpira wa mashambani uliochanganywa na salfa, na wakatengeneza mafuta ya kuendeshea magari kutokana na mbata. Waingereza nao mwaka 1916 walileta kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Kwa hiyo magurudumu hayakuwa mageni katika vita hivi. Swali ni nani aliyeyapanda.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, msikilizaji, tupige hesabu. Haihitaji elimu kubwa.

Mpagazi wa vita alibebeshwa mzigo wa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Naye ni binadamu, lazima ale. Tuseme anakula kilo moja ya unga au mchele kwa siku, jambo ambalo wengi hawakulipata. Sasa mtwishe mzigo wa chakula mwende safari ya siku 7. Atakula kilo 7 kwenda na kilo 7 kurudi, jumla 14. Katika kilo 27 alizotoka nazo, askari aliye mbele atapata kilo 13. Safari ikiwa ya wiki mbili kwenda na wiki mbili kurudi, mpagazi atahitaji kilo 28, ambazo zinazidi mzigo wenyewe. Maana yake ni kwamba jeshi likienda mbali na bohari lake, mpagazi hafikishi kitu. Ili afikishe, lazima wawekwe wapagazi wengine wa kumlisha yeye, na wengine wa kuwalisha hao, au chakula kichukuliwe kwa wanavijiji walio njiani, au mpagazi apunguziwe posho. Katika vita vile yote matatu yalifanyika.

Ndiyo sababu idadi ya wapagazi ilipanda mpaka ikawa ya kutisha. Kwa upande wa Waingereza peke yao, watu waliopitia kazi hiyo wanakadiriwa kufika milioni moja. Wabelgiji walichukua zaidi ya watu 250,000. Wajerumani nao walichukua wao kila walikopita. Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, watu hao waliitwa tengatenga. Katika Kenya ya wakati ule ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua kwa lazima. Wapagazi wa Uingereza waliokufa, kwa hesabu rasmi, ni takriban 95,000, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria na kichomi, kwa unga usioiva vizuri, na kwa baridi ya milimani ambayo mtu wa pwani au wa ziwani hakuizoea.

Pwani ya Ziwa Nyasa ilikuwa katikati ya mambo hayo. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia, na mwezi Septemba yakaichukua Songea. Bandari ya kuilisha Songea ilikuwa Manda. Askari na mizigo vilivushwa kwa meli, vikashushwa mchangani, na kutoka hapo njia ikapanda mlima kuelekea Ungoni. Meli ilibeba tani nyingi kwa mara moja, lakini ilipotia nanga, tani zile zikagawanywa ratili 60 kwa ratili 60, kichwa kwa kichwa. Na watu waliotwishwa walikuwa wa nchi ambayo miaka kumi tu nyuma ilikuwa imeteketezwa katika Vita vya Maji Maji, mashamba yakachomwa na njaa ikaua. Kisha mwaka 1918 Lettow-Vorbeck aliporudi kutoka Msumbiji, alipita tena upande huo huo wa Songea, na homa kuu ya mafua ikaja wakati ule ule.

Sasa tuiweke baiskeli katika hesabu yetu. Sisemi baiskeli ya kupanda. Nasema baiskeli ya kusukuma. Ndugu zangu wa mijini mnaijua vizuri. Mmemwona muuza mkaa akiingia mjini alfajiri na magunia mawili au matatu juu ya baiskeli, hakukaa kwenye tandiko hata kidogo, anatembea kando yake ameshika usukani kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine. Tuseme anasukuma kilo 108, ambazo ni mizigo minne ya wapagazi. Safari ya siku 7 kwenda na 7 kurudi atakula kilo 14, na atafikisha 94. Wapagazi wanne wenye mzigo huo huo wangekula kilo 56, na wangefikisha 52. Kwa safari ya wiki mbili, wapagazi wanne hawafikishi hata punje, na mwenye baiskeli anafikisha kilo 80.

Hii si ndoto ya mtu aliyekaa studio. Mwaka 1954 jeshi la Vietnam liliwazingira Wafaransa katika bonde la Dien Bien Phu, mbali milimani. Wafaransa waliamini kwamba hakuna awezaye kufikisha chakula na risasi za kutosha mahali pale bila magari na ndege. Wavietnam walikuwa na malori, lakini pamoja na malori walitumia zaidi ya baiskeli 20,000. Walikaza fremu zake, wakafunga mwanzi kwenye usukani na mwingine nyuma ya tandiko, na kila mtu akasukuma kilo 200 na zaidi. Tarehe 7 Mei 1954 ngome ikaanguka. Nyingi za baiskeli hizo zilikuwa za Kifaransa.

Kwa haki ni lazima niseme upande wa pili. Ufukwe wa Mbaha na Manda ni mchanga, na baiskeli yenye mzigo huzama mchangani. Mlima wa kupanda Umatengo ungemshinda msukumaji mmoja. Mvua za mwaka 1917 zilikuwa kubwa mno, na kwenye matope ya Rufiji hata mtu mtupu alizama hadi kiunoni. Miiba ya nyika hutoboa tyubu kila saa, na mwaka 1916 gundi na viraka havikupatikana dukani. Kikosi cha baiskeli kisingeweza kuchukua nafasi ya wapagazi wote. Lakini kuna maelfu ya kilomita za njia ngumu za kiangazi, katika uwanda wa Tabora, Dodoma, Iringa na Songea, ambako kingeweza kuchukua nafasi ya wengi. Mizigo ikipungua kwa robo tu, hesabu ya makaburi nayo ingepungua.

Basi kwa nini baiskeli ilibaki kuwa ya barua? Mimi nina maoni yangu, na msikilizaji anaweza kuyapima. Baiskeli ilinunuliwa kwa fedha, ikaandikwa katika daftari la bohari, na ikipotea ofisa alitakiwa kutoa maelezo. Mpagazi alikamatwa kijijini. Akifa njiani, mzigo wake uligawiwa wenzake na safari ikaendelea. Kitu kinachoandikwa kwa bei hutunzwa, na kitu kinachookotwa bure hutumiwa mpaka kiishe. Palipokuwa na watu wa kukamatwa, hapakuwa na haja ya kufikiri juu ya gurudumu. Wavietnam mwaka 1954 walifikiri juu ya gurudumu kwa sababu waliobeba na waliopigana walikuwa watu wa nchi moja, na vita vilikuwa vyao.

Lugha yetu yenyewe imelihifadhi jambo hili pasipo sisi kujua. Kile chuma cha nyuma ya baiskeli, tunapofunga mzigo, tunakiita keria. Na soko kuu la Dar es Salaam tunaliita Kariakoo, kwa sababu hapo palikuwa na kambi ya wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili ile ile. Keria na Kariakoo yametoka katika neno moja la Kiingereza lenye maana ya mbebaji. Mmoja ni chuma na mwingine alikuwa mtu, na kwa waliopanga vita vile, wote wawili waliitwa jina moja.

Pale katikati ya Dar es Salaam kuna sanamu ya askari aliyeshika bunduki, iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake, ambayo kwa Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, yanawakumbuka pia wapagazi, yakiwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima. Lakini mwenye sanamu ni mwenye bunduki. Mwenye mzigo amepata maandishi ya chini, bila sura na bila jina. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufika kwa jamaa zao, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua jamaa zao ni akina nani.

Vita vyenyewe viliisha kama vilivyoanza, kwa habari iliyochelewa. Ulaya walisimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alizipata habari tarehe 13, karibu na Kasama katika nchi ambayo leo ni Zambia, baada ya watu wake kumkamata tarishi wa Kiingereza wa pikipiki aliyekuwa na simu ya maandishi. Akasalimisha jeshi lake Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba. Hata siku hiyo ya mwisho habari zilikuja juu ya magurudumu, na mizigo ilikuja juu ya vichwa.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyepanga safari hakuusikia uzito wake. Sisi wajukuu tunaweza kuusikia kidogo tukitaka. Wale wapagazi wa Manda, Mbaha, Lituhi na Liuli wamekwisha kufa wote, na watoto wao nao wamebaki wachache sana. Lakini majina bado yamo katika koo, na wazee bado wanakumbuka nani aliondoka mwaka ule wa Northey asirudi. Daftari la shilingi chache na kalamu vinatosha. Mwenye babu aliyebeba, aliandike jina lake, kijiji chake, na njia aliyopita, kisha alipeleke shuleni au kanisani au msikitini likahifadhiwe. Baiskeli za vita vile ziliandikwa katika daftari. Si haki majina ya watu yakakosa daftari.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tutakutana tena wiki ijayo, wakati kama huu.